Kuku wa Idi wa Mama Yake Rukia

Siku ya kwanza kazini sikupewa kisu. Mwenye duka, Mpwani mwenzangu aliyetangulia kufika Minneapolis, alinivisha aproni ya mpira akanipeleka kwenye vizimba. "Kwanza jifunze kushika kuku," aliniambia. "Kuchinja baadaye." Wiki nzima nilishika kuku. Ukibonyeza ncha ya mfupa wa kidari ikapinda, kuku ni mchanga; ikikataa kupinda, ni mzee na atataka kuchemshwa sana. Niliona nadharauliwa, maana Mombasa nilichinja tangu ujana. Kumbe alikuwa na haki.

Kazi yenyewe vijana wa leo hawaijui, nyama wanaikuta imefungwa kwenye nailoni. Kisu hunolewa mbali na macho ya kuku. Unasoma bismillahi kwa kila mmoja, unakata koromeo, umio na mishipa miwili mikubwa ya damu, kisha unangoja damu iishe ndipo umtie maji ya moto. Baadaye nilipelekwa tawi la Saint Paul, ambako msimamizi alikuwa mtu wa haraka, hataki kusikia habari ya kungoja. Tuligombana mpaka akanizoea. Mteja hayaoni hayo yote. Anakula kwa kukuamini.

Malalamiko ya wateja yalikuwa yale yale: kuku wa supamaketi laini mno, mchuzi hauna ladha. Krismasi Wakongomani walitaka jogoo mkubwa. Idi watu wetu walitaka kienyeji, na kienyeji hatukuwa nao. Tulichokuwa nacho ni kuku wa mayai waliochoka kutaga, waliofugwa ndani maisha yao yote, nyama ngumu. Mwenye duka alinielekeza, "Wewe sema ni kuku mgumu tu. Wenyewe wata-assume ni kienyeji." Na kweli, mimi nikisema mgumu, wao wakisema kienyeji, kila mtu akaenda zake akifurahi.

Ila Rukia, jirani yangu wa ghorofa ya juu, aliniuliza waziwazi.

"Mzee Bakari, huyu ni kienyeji kweli? Nime-drive kutoka kazini Eden Prairie, hata nyumbani sijapita. Ni wa Mamangu. Hii Idi ameomba kienyeji tu, na hali yake unaijua."

Mama yake alikuwa ameanza kusahau majina ya wajukuu. Nyuma ya Rukia foleni ilifika mlangoni. Nikamjibu, "Kienyeji."

Mwaka jana nilistaafu, magoti yamekwisha. Mama yake Rukia alikuwa ameshafariki. Majirani bado hunisimamisha kwenye chumba cha kufulia nguo waniulize kuku gani wanunue, nami napenda kuulizwa, sitaficha. Juzi Rukia aliniuliza ampate wapi kienyeji kama yule wa Idi ile. Niliona haya, na safari hii hapakuwa na foleni ya kusingizia. Nikamweleza ukweli wote.

Aliweka chini shuka aliyokuwa akiikunja. Hakupandisha sauti.

"Siku ile nilimpa Mama firigisi, yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Akatafuna, akasema, 'Nyama ngumu, sawa, lakini firigisi laini. Kuku huyu hajawahi kuchakura chini akameza changarawe.' Nikamwambia, Mama, ni kienyeji, amechinja Mzee Bakari. Akarudia vile vile. Nikasema basi, akili zimemtoka, hata kuku hamjui tena."

Nilitaka kumwomba radhi. Akanizuia kwa mkono.

"Toka siku hiyo, Mzee, sikumuuliza tena anataka kula nini. Nilikuwa namlisha tu."