Jumapili ya Sosi Nyeupe

Bernadine Pruski aliwapikia watoto wa shule miaka ishirini na sita mjini Buffalo, na hapakuwa na mtu wa kumfundisha kupanga chakula. Kila Jumapili ya mpira, ule mpira wao wa kuvaa helmeti na kuangushana, sebule yake ilijaa jamaa, na mezani mbele ya televisheni akaweka ubao mpana wa mbao ngumu. Soseji huku, jibini kule, matango ya siki, vijiti vya seleri, na katikati mlima wa mabawa ya kuku ya pilipili. Kando ya mabawa, bakuli la sosi ya jibini la buluu. Nyingine hapana! Mtu wa Buffalo utamwibia gari akusamehe, lakini mpe mabawa na ranchi, ile sosi nyeupe ya watu wa kuja, hapo mmekosana.

Marehemu mumewe, Leonard, alikuwa mtu wa ngumi. Timu ikifungwa huko uwanjani, anayepigwa nyumbani ni Bernadine. Mara mbili alivunjwa mbavu, na mara zote mbili aliwaambia wapishi wenzake kwamba ameteleza kwenye barafu. Siku Leonard alipozikwa watu walilia sana. Bernadine alikuwa na njaa, akala. Tangu hapo alibaki na ombi moja tu duniani, kwamba Tessa, binti yake wa pekee, asije akaishi maisha yale.

Jumapili hiyo ya Januari Tessa alikuja na mumewe, Craig, pamoja na chupa mbili za sosi alizoagizwa na mama yake. Norbert, fundi bomba, kaka yake Bernadine, ndiye aliyefungua mfuko.

"Yesu na Maria! Ranchi!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko.

"We Craig, huyu ulimwokota wapi, Ohio?"

"Mtoeni nje akalale kwenye theluji!"

"Bora ungetuletea sumu, mpwa wangu," Norbert akasema, anajifuta machozi.

"Jamani, nilikuwa na haraka! Chupa zenyewe zinafanana!" Tessa naye alicheka mpaka akashika mbavu. Craig pia alicheka, ila shingo ilikuwa imemwiva nyekundu.

"Njoo tukachukue barafu," akamwambia mkewe, wakaingia jikoni.

Bernadine alikuwa anapanga seleri aliposikia kitu kikikatika, mlio mdogo tu, kama wa kijiti alichokuwa nacho mkononi. Kisha pumzi ya mtu anayejizuia kupiga kelele. Akaenda. Tessa alikuwa amesimama kwenye sinki, mkono wa kushoto chini ya maji ya baridi, na kidole cha pete kimepinda upande ambao vidole havipindi.

"Mlango wa friji umenibana, Mama."

"Mlango?"

"Ndiyo. Usianze, tafadhali."

Craig akapiga funda la bia. "Siku nyingine atasoma chupa."

Bernadine akageuka. Alirudi sebuleni, akaunyanyua ubao na kila kilichokuwa juu yake. Watu wakampisha wakidhani anataka kuwagawia. Craig alipotokeza mlangoni, alimsukumia ukingo wa ubao mdomoni kwa nguvu zake zote.

Mabawa yakaruka mpaka kwenye pazia. Craig akaanguka, na Bernadine, bibi wa miaka sitini na tatu, akauinua ubao tena, akampiga nao begani. "Hii ya mtoto wangu! Mshenzi we! Na hii yangu!" Craig akamdaka nywele, akamgonga kichwa kwenye fremu ya mlango mara mbili, mpaka Norbert na kilo zake mia na ishirini akamkalia kifuani. Kwenye televisheni mtangazaji alikuwa anapayuka peke yake.

Tessa akaja mbio, akapiga magoti. Kwa nani? Kwa Craig! Akawa anamfuta damu kwa karatasi za mezani.

"Mama, wewe una wazimu? Umemharibu mume wangu! Mjomba, mwachie! Amka mpenzi, twende nyumbani."

Kichwa kilimwuma Bernadine, lakini maneno hayo yalimwuma zaidi.

Norbert akamwachia, Craig akainuka, akatema jino, akaenda mpaka mlango wa nje. "Tessa. Kwenye gari."

Tessa akachukua koti, mkono ukakataa kuingia. Kidole kilikuwa kimevimba, pete imezama kwenye nyama, na ukucha umeanza kuwa mweusi. Norbert alijaribu sabuni, akajaribu mafuta, Tessa akapiga yowe.

"Hii pete isipotoka sasa hivi, kidole kinakufa," Norbert akasema. Akatoka, akarudi kutoka kwenye gari lake na koleo ya kukatia waya.

"Mkiikata hiyo," Craig akasema pale mlangoni, "asikanyage tena kwangu."

Bernadine alitaka kusema, akajiziba mdomo kwa kiganja, damu ikimchuruzika sikioni. Tessa alikitazama kidole, akamtazama mumewe.

"Hata hujaniuliza kama kinauma," akamwambia.

Akauweka mkono mezani.

"Kata, Mjomba."