Kazi Isiyotajwa Mbele ya Wakwe

Mama mmoja mjane alirudi nyumbani kutoka maabara hoi. Tangu asubuhi alikuwa akilisha seli zilizotolewa kwenye korodani za fahali aliyechinjwa, na kupima homoni zinazotengenezwa na seli hizo. Sebuleni walikwisha kaa wazazi wa kijana aliyemposa binti yake. Wifi yake akamvuta jikoni.

"Wifi, wakikuuliza kazi, sema unapima maziwa. Hilo neno lako litatuvunjia ndoa."

"Fahali hatoi maziwa, wifi."

"Basi nyamaza."

Alinyamaza mpaka baba wa kijana alipomuuliza. Kutunga uongo kulitaka nguvu, naye zilikwisha kumwishia.

"Nakuza seli za korodani za fahali," alisema taratibu. "Mwenyewe keshakufa, lakini zenyewe bado zinatengeneza homoni kwenye kisahani cha maabara."

Wifi aliinamia sinia la vikombe.

Mzee alikohoa. "Kumbe sisi wastaafu tusikate tamaa."

"Wewe si fahali, baba watoto," mkewe alimjibu, akicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akamgeukia mwenyeji. "Mkwe wangu, umechoka. Kaa, tupange siku ya harusi."

Mama akaomba kwanza avue viatu.