Dharura ya Nne

Mke wangu aliandaliwa kupasuliwa mara nne.

Mara zote nne alivalishwa gauni la kijani la hospitali, akavuliwa hereni na pete, akalazwa kwenye kitanda cha magurudumu na kusukumwa mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Mara zote nne alirudishwa wodini mzima mzima, hana hata mkwaruzo.

Na mtu aliyechukua nafasi yake mara ya nne namfahamu vizuri sana. Nitawaambia ni nani, ila nisikilizeni kwanza, maana nikianza na huyo sitamaliza.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma, hayo ndiyo maisha yangu. Mke wangu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Nyumbani hatukuitana majina. Mimi nilimwita Mwalimu, yeye aliniita Fundi, hata siku tuliyonuniana.

Mwalimu alikuwa mtu wa foleni. Kazi yake ilikuwa kupanga watoto mstari asubuhi mpaka mchana: mstari wa kuingia darasani, mstari wa kunawa mikono, mstari wa kwenda chooni. Anayeruka mstari anarudishwa mwisho, na kulia hakumsaidii.

Tabia hiyo alikuwa nayo mpaka mtaani. Bombani watu wanapigana vikumbo, yeye kasimama na ndoo yake utadhani yuko kwenye gwaride. Nilikuwa namtania kwamba hata siku ya kiama atakaa pembeni awapishe wenye haraka.

Uvimbe aliuona mwenyewe akioga. Titi la kushoto, kadogo tu, kama punje ya hindi. Aliniambia jioni tukikunja nguo, kwa sauti ileile ya kuniambia sukari imeisha.

Kesho yake tulikwenda hospitali.

Nalisema hili mapema kwa sababu najua mnachotaka kuuliza. Sisi hatukuchelewa. Tuliwahi, tukacheleweshwa. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Wakakata kinyama wakapime. Majibu tukaambiwa wiki ijayo. Wiki ijayo mashine mbovu. Mashine ikatengenezwa, msomaji wa majibu yuko likizo. Akarudi, kinyama hakionekani, ikabidi akatwe kingine. Tulipigwa danadana mpaka mlinzi wa getini akawa ananisalimia kama mfanyakazi mwenzake.

Punje ya hindi imeshakuwa limao ndipo tukatajiwa jina lake. Saratani.

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alitueleza kwamba ugonjwa haujasambaa. Titi likitolewa mapema, Mwalimu atapona na atarudi kufundisha. Alilirudia sana hilo neno, mapema.

Kisha akatupangia tarehe ya mbali.

Nikauliza mbona mbali hivyo. Akasema hospitali nzima chumba cha upasuaji ni kimoja, na wanaokihitaji ni wengi. Mwalimu akanibana kiganja chini ya meza ili ninyamaze. Nikanyamaza.

Siku ikafika. Mwalimu hakutia kitu mdomoni tangu jana yake jioni, maana ndiyo masharti. Akafikishwa mlangoni. Hapo hapo akaletwa dereva wa lori lililopinduka. Dharura. Mwalimu akarudishwa wodini, tukapewa tarehe nyingine.

Mara ya pili akaletwa mama mjamzito, mtoto kakwama. Hapo hata mimi nilifunga mdomo. Utagombana vipi na mtoto anayetaka kuzaliwa?

Mara ya tatu akaletwa mlevi aliyechomwa kisu baa.

Hapo niliwaka. Nilimfuata sista mkuu nikamtolea uvivu mbele za watu. Nilimwambia kwamba mke wangu hajagombana na mtu, hajanywa pombe ya mtu, kasubiri zamu yake kama walivyomwambia, halafu wanampisha mlevi. Hakukasirika. Alinijibu kama mtu anayesoma maandishi ukutani.

"Baba, saratani si dharura. Mgonjwa wako anaweza kusubiri."

"Anaweza kusubiri mpaka lini?"

"Mpaka chumba kiwe wazi."

Tangu siku hiyo nikaanza kuwachukia majeruhi. Sitanii. Gari la wagonjwa likipita na king'ora chake, wenzangu pale karakana wanasikitika, mimi natukana. Nikiona kijana anakimbiza pikipiki bila kofia, namwona mtu anayekwenda kulala kwenye kitanda cha mke wangu.

Mwalimu alinikemea. Alisema wale watu wanatoka damu.

Nikamwambia, "Na wewe unatoka uhai. Tofauti ni kwamba wewe huchafui sakafu."

Ndipo akaniambia kwamba anaogopa. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. Tuna binti mmoja, wakati huo alikuwa anajifunza kusoma, na Mwalimu alitaka angalau amfikishe mahali pa kusoma mwenyewe.

Mara ya nne nilimpa somo mimi. Asubuhi ile nimesimama kando ya kitanda chake, nikamwambia leo asishuke. Hata wakimwambia kaletwa mfalme, ashike vile vyuma vya pembeni na asiachie. Vyuma nilivikagua mwenyewe, vilikuwa imara.

Alicheka. Halafu akaacha kucheka.

"Sawa, Fundi. Leo sishuki."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akikataa kupisha mtu.

Akasukumwa mpaka mlangoni. Daktari ameshaingia, wasaidizi wake wameshavaa. Nikaanza kuamini. Mara sista mkuu akatoka, akasema nyuzi za kushonea zilizobaki hazitamtosha, nikanunue nyingine duka la dawa ng'ambo ya barabara.

Nilitaka kumuuliza hospitali gani inaishiwa uzi, lakini huo ungekuwa muda mwingine unapotea. Nikakimbia.

Nyuzi nilipata. Nakumbuka nilizitia mfuko wa shati nikafunga kifungo. Nakumbuka nilitazama kulia, nikatazama kushoto, nikaingia barabarani. Gari dogo la mizigo lilikuwa linakwepa shimo, likaja upande usio wake.

Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Nilipozinduka, niliona kwanza taa ya darini. Kisha nikamwona Mwalimu. Alikuwa amekaa kando yangu kwenye kiti cha plastiki, amevaa gauni la kijani.

Jamani, nilifurahi. Akili ilikuwa bado imejaa dawa, na ikanidanganya kwamba mambo yamekwisha, ameshapasuliwa na sasa kaja kunitazama.

"Umeshatoka?"

"Sikuingia, Fundi."

"Kwa nini tena?"

"Ilikuja dharura."

Nilisahau maumivu. Nikamtukana huyo mtu wa dharura kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Nikamtukania na mama yake mzazi. Nikasema bora angefia hukohuko alikoangukia kuliko kuja kumfungia mke wangu mlango. Wodi nzima ikageuka kutuangalia.

Mwalimu aliniacha nimalize. Kisha akaweka mkono wake taratibu juu ya paja langu, na hapo ndipo nilipoona bandeji.

"Usimtukanie mama yake," akasema. "Mkwe wangu hajanikosea kitu."

Nililia kama mtoto aliyerudishwa mwisho wa mstari, na yeye akanifuta uso kwa pindo la lile gauni.

Nilidhani uchungu wa siku hiyo umeishia hapo. Kumbe bado.

Siku ya pili Mwalimu alikwenda nyumbani kumwona mtoto. Sista mkuu akaja kunibadilisha bandeji, na alikuwa na jambo linalomsumbua. Alinisimulia akiwa ameinamia kazi yake, hanitazami usoni.

Alisema Mwalimu alipoambiwa kuna dharura, alikataa. Alishika vyuma kwa mikono miwili, akamwambia daktari kwamba kasubiri zamu yake, zamu yake ni leo, na hashuki. Daktari alisimama pale hajui la kufanya. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumbandua vidole.

Wakati huo majeruhi akapitishwa. Uso umejaa damu, paja limepasuka, hakuna aliyejua ni nani. Mkono wake mmoja ulikuwa unaning'inia nje ya kitanda.

Mkono wangu mnaweza kuuona hata leo. Umejaa makovu ya cheche, kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko.

Mwalimu aliutazama ule mkono. Kisha akaachia vyuma. Akashuka mwenyewe, hakusaidiwa na mtu, akasimama ukutani miguu mitupu.

"Mwingizeni huyo," akasema. "Mimi nitasubiri."

Hakusema ni mumewe. Sista alidhani amemwonea huruma tu mtu asiyemjua, na alijua ukweli jioni, alipomkuta amekaa kando yangu.

Mwalimu aliporudi nilimuuliza kama ni kweli. Ningekuwa natunga hadithi, hapa ningewaambia alitabasamu akasema ananipenda. Hakusema hivyo.

"Nilikasirika," alisema. "Nilisimama pale ukutani natetemeka kwa hasira. Nilikuwa nimeshaishika zamu yangu, Fundi. Halafu ukaja wewe."

Akacheka, kisha akalia, na mimi nikalia naye. Hatukulizungumza tena.

Tarehe ya tano tulipewa. Kabla haijafika, yule daktari mpole akahamishwa, na tukakaa tukisubiri mwingine aletwe. Mwalimu akaanza kukohoa. Tukasema ni vumbi la chaki. Binti yetu alikuwa anamsomea kitabu chake cha shule jioni, anakosea maneno, na Mwalimu anamsahihisha katikati ya kikohozi.

Daktari mpya alipofika, alitazama picha za kifua cha Mwalimu. Akasema kukata sasa hakutasaidia, ugonjwa umeshaingia kwenye mapafu. Atapewa dawa za kutuliza maumivu.

Halafu akanigeukia mimi.

"Mbona mlichelewa kumleta?"

Nilikuwa nimeshika magongo mikono yote miwili. Nashukuru nilikuwa nayo, maana mikono yangu siku hiyo ingefanya jambo lingine.

Mwalimu ndiye aliyemjibu. Alimwambia kwa upole, kama anavyomwambia mtoto aliyekosea hesabu, kwamba tulikuja siku ya pili baada ya kuona uvimbe. Daktari akainamisha kichwa. Hakutuomba radhi.

Mwalimu alifia nyumbani, mchana, binti yetu akiwa shuleni.

Baada ya maziko nilirudi hospitali kuangaliwa mguu. Daktari wa mifupa alifurahi kweli. Aliniambia nimefanyiwa kazi safi, na kwamba mshipa wa paja ukikatika vile wengi hawafiki mbali.

"Una bahati sana," akasema. "Chumba kilikuwa tayari, watu wameshavaa, taa zimewashwa. Si kila siku inakuwa hivyo."

Sikumwambia kilikuwa tayari kwa ajili ya nani. Nilivaa suruali yangu nikatoka.

Najua simulizi kama hizi mnazisoma mnangoja funzo. Funzo la uvumilivu msilitafute kwangu, aliyekuwa mvumilivu ndiye niliyemzika. Ninachoweza kuwaambia ni hiki. Miezi ile yote nilimchukia dereva wa lori, nikamchukia mlevi, watu ambao nao walikuwa wanapigania roho zao. Nilisahau kumkasirikia aliyeamua kwamba mji mzima utosheke na mlango mmoja. Huyo hakuwahi kuletwa pale amebebwa, na wala simjui sura.

Kwa hiyo ukikaa kwenye benchi la kusubiri pale hospitalini, usimtukane anayetangulizwa mbele ya mgonjwa wako. Piga kelele, ndiyo, tena piga sana, lakini zipeleke juu kwa wenye kupanga.

Na tukikutana mtaani, usinipige begani ukaniambia nimshukuru Mungu kwa sababu natembea. Namshukuru kila siku. Ila usiniambie wewe.