Ufunguo wa Mashine ya Mama Mkubwa

Mwaka niliomaliza chuo kikuu, katika miaka ya sabini, mama mkubwa aliniomba nimwandikie barua kwa ofisi ya umeme mjini Kisii. Mashine yake ya kusaga, chini ya mlima wa Manga, iliendeshwa na jenereta iliyozungushwa na maji ya mto. Kiangazi maji yalipungua, mashine ikasimama, na wateja wakaenda kwingine. Alitaka waya za ofisi zifike pale, na jenereta ibaki kwa miezi ya mvua.

Ofisi haikukataa. Ilitaka tu kuhakikishiwa kwamba jenereta haitarudisha umeme kwenye waya fundi akiwa juu ya nguzo. Hapo nikapewa kazi ya kuandika utaratibu, nami nikaogopa kila kitu. Niliandika kurasa tisa za hatari: mafuriko, radi, hata ndege kujenga kiota ndani ya swichi. Utaratibu wenyewe ulikuwa mfupi. Mama mkubwa azime jenereta, afunge swichi kwa kufuli, amkabidhi fundi ufunguo mkononi, ndipo fundi apande.

Siku ya ukaguzi mhandisi wa ofisi, mgeni kutoka Machakos, alitaka kuona utaratibu huo ukifanywa. Mama mkubwa akazima, akafunga, akasimama na ufunguo. Fundi wa nyaya za umeme wa eneo letu akasimama mbali, akitazama migomba. Hakuna aliyesogea.

Mhandisi aliniuliza kama hao wawili wamegombana. Hawakuwa wamegombana. Fundi yule alikuwa amemwoa binti wa mama mkubwa, na kwetu mkwe hapokei kitu mkononi mwa mama wa mke wake, wala hamkaribii. Nililijua hilo tangu utotoni.

“Kurasa tisa, mwanangu,” mama mkubwa aliniambia kwa Kigusii, “na ndege umewakumbuka.”

Kisha akaweka ufunguo juu ya kigoda mlangoni, akaingia ndani. Fundi akaja, akauchukua, na kwa kuwa alikuwa pale mlangoni akachungulia swichi iliyokuwa ukutani, akaona kwa macho yake kwamba imefungwa.

“Hii ni bora,” mhandisi akasema. “Asiamini mkono wa mtu. Aje aone.” Akalikata neno langu “mkononi” kwa kalamu, akaandika “kwenye kigoda”, akatia sahihi.

Nilimuuliza mara mbili kama sahihi hiyo inatosha. Ilitosha. Kiangazi kilichofuata mashine ilisaga kila siku, na fundi akiwa na kazi kwenye nguzo alikohoa njiani, mama mkubwa apate nafasi ya kuweka ufunguo kwenye kigoda na kuingia ndani.