Bastola ya Samli

Gottlieb Zbinden alikuwa sajini wa wapanda farasi na mtengeneza jibini wa kijiji, na kati ya kazi hizo mbili, jibini ndiyo iliyokuwa na masharti. Jibini hushika harufu kuliko mbea anavyoshika habari. Bastola yake ya jeshi, lile dude la mwaka 1878, aliitunza nyumbani kama askari wote, lakini mafuta ya jeshi yananuka, naye hakuyataka karibu na maziwa. Akaipaka samli. Hata risasi zake nene alizifuta grisi ya kiwandani, nazo akazipaka samli.

"Utakuja kuumbuka," mkewe Rosina alimwonya.

"Wewe umeona wapi samli ikileta kutu?"

Siku ya ukaguzi ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Bastola ikikataliwa hupelekwa kwenye ghala la silaha mjini, na mwenyewe hurudi nyumbani na mkoba mtupu kiunoni, akipita mbele ya baa ambako kijiji kizima kimejaa madirishani. Zbinden alikuwa amewacheka wengi kutoka madirisha yale.

"Zungusha silinda," alisema Kapteni Imfeld, ambaye kiunoni alikuwa na bastola mpya, ndogo, ya maofisa.

Silinda haikuzunguka. Samli ilikuwa imeganda. Zbinden akaitia bastola kwapani.

"Sajini, unaiatamia?"

"Inakuja, Bwana Kapteni."

Ikaja kweli. Samli iliyeyuka ikamchuruzika hadi kwenye mkanda, silinda ikazunguka, na mbwa wa kijiji wakaanza kusogea.

Kapteni alichungulia mtutu, akanusa vidole vyake, akameza mate. "Ni safi. Lakini vita havitakungoja uatamie. Chagua: mafuta ya jeshi nyumbani kwako, au bastola ghalani."

Zbinden aliipenda bastola ile, tusidanganyane. Akamtazama Rosina, aliyesimama kando na watazamaji, mikono yake imepasuka kwa maji ya chumvi ya jibini.

"Ipelekeni," akasema.

Mbele ya baa madirisha yalikuwa yamejaa.

"Zbinden, mkoba mwepesi leo?" aliita Krähenbühl, tarishi wa posta.

Mkoba ulinukia samli, na mbwa wote wa kijiji walimfuata kwa mstari, kimya. Rosina akamshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hadharani tangu harusi yao.

"Tembea wima, mume wangu," akamwambia. "Kikosi kinakutazama."