Nyasi za Mtemi

Mtu anawezaje kumtii mtawala ambaye hata kaburi lake hakuna anayelijua? Swali hilo lilinisumbua likizo nzima, na kila niliyemuuliza pale kijijini, mwendo wa baiskeli kutoka Shinyanga mjini, alinitazama kama niliyeuliza kwa nini maji yana unyevu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nimerudi kutoka chuo kikuu Uganda. Kiangazi kilikuwa kikali. Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na ngitili, malisho ambayo hayaguswi tangu masika hadi siku ya kuyafungua itangazwe. Nyasi zilisimama hapo, kavu lakini nyingi. Hapakuwa na ua wala mlinzi. Mtemi alikataza, watu walisema. Mtemi yupi? Yule wa kale, kabla ya Wajerumani.

Mama alikuwa na maksai wawili tu tangu baba afariki. Mmoja hakuweza tena kuinuka mwenyewe. Tulimwinua kila asubuhi, mama kwenye pembe, mimi mkiani. Akifa, shamba la pamba halilimwi, na wadogo zangu wanaacha shule.

"Mama, nyasi zile pale," nilisema. "Tumpeleke."

"Siku haijatangazwa."

"Aliyekataza sasa ni mifupa."

"Mifupa hiyo imekunywesha maziwa hadi ukajua kusoma. Shika mkia, ng'wanone, mwanangu."

Mjomba, aliyehamia kwa wakwe zake ng'ambo ya kijito, alikuja kututazama. Huko Wajerumani walikuwa wamemng'oa mtemi na kumweka mgeni, na desturi ya ngitili ikafa. Kulikuwa na vumbi tupu.

"Msomi, hamia kwetu," alinitania. "Huko kila mtu analisha anapotaka."

"Na ng'ombe wenu, mjomba?"

"Aa, ng'ombe? Tumebaki na ruhusa tu."

Mama alicheka mpaka akaketi chini. Mimi sikucheka. Niliona jibu limekaribia, ila bado halikunitosha: faida ya nyasi niliiona, lakini huyo mtemi aliijuaje? Alikuwa na hekima gani ambayo sisi hatuna?

Mama alikwenda kukata majani ya miti na kuchuma matembele, akamlisha maksai kwa mkono, fungu kwa fungu, akimsema kama mume mvivu. Jioni moja ngoma ikalia. Asubuhi yake ngitili ikafunguliwa, na maksai wetu akaenda kwa miguu yake, pole pole, mbavu nje. Mvua ilipofika alivuta jembe. Pamba ilikuwa ya kawaida, lakini ilitosha. Wadogo zangu walibaki shuleni.

Mama aliondoka duniani akiamini kwamba mtemi yule aliwaonea watu wake huruma. Miaka mingi baadaye, msibani Ngokolo, Shinyanga mjini, niliketi karibu na bibi mmoja wa ukoo wa kitemi, nikamuuliza habari za ngitili yetu. Alishangaa kuwa sikujua. Mtemi alizitenga nyasi zile kwa ajili ya ng'ombe wake mwenyewe, na raia aliyekutwa humo alinyang'anywa dume. Alipokufa, ng'ombe wake waligawanywa, na watu wakaendelea kungoja siku itangazwe.