Amplifaya Niliyochaguliwa

Mwimbaji wetu, ambaye pia ndiye kiongozi wa bendi, si mtu wa kulalamika ovyo. Kwa hiyo Jumamosi moja aliponijia wakati wa mapumziko, glasi ya maji mkononi, nilijua jambo lenyewe limemkaa rohoni kwa muda.

"Besi yako inakwaruza," aliniambia.

"Inakwaruza vipi?"

"Kama kijiko kwa sufuria. Punguza huo ukali kidogo, tafadhali. Nashindwa kupata noti yangu."

Tulikuwa tukipiga kila Jumamosi alasiri katika bustani ya mkahawa mmoja Westlands, watu watano juu ya jukwaa la mbao, wateja wakila nyama na kuzungumza. Siku nyingine za wiki mimi hufanya kazi ya bima, ghorofa ya nne, katikati ya jiji. Gitaa la besi nimelipiga zaidi ya miaka ishirini, na mingi ya miaka hiyo nimesimama mahali palepale, mpiga ngoma akiwa kushotoni kwangu na toazi lake kubwa likining'inia karibu na kichwa changu.

Tuliporudi jukwaani nilipunguza sauti za juu kama alivyoniomba. Ghafla sikujisikia. Nilichopata ni mvumo tu, kama lori linalopita nyuma ya ukuta. Nikaongeza kidogo. Nikaongeza tena. Kwenye wimbo wa tatu mwimbaji aligeuka akanitazama, kisha akawageukia watu akaendelea kuimba.

Lawama nikaitupia amplifaya. Ilikuwa ya kawaida, ya transista, pembe zimechunika kwa kupakiwa na kupakuliwa, na nilikuwa nayo muda mrefu. Niliamua sasa ndio wakati wa kununua ya valvu.

Wapiga besi wana imani zao, na valvu ni mojawapo. Ni vile vichupa vya kioo vilivyokuwa ndani ya redio za zamani, vinavyowaka rangi ya chungwa vikipata moto. Amplifaya ya namna hiyo ni nzito, inatoa joto kama jiko, inataka kupashwa moto dakika kadhaa kabla ya kupigwa, na vichupa vyenyewe huchakaa. Lakini sauti yake ukiisukuma haipasuki ghafla kama ya transista. Inanenepa kwanza. Nilikuwa nimeitamani tangu ujanani, na sasa nilikuwa na sababu ya kuitafuta.

Nilielekezwa kwa fundi mmoja mwenye chumba juu ya duka la vitambaa, upande wa chini wa jiji. Ni Mhindi mwenye umri wa kustaafu asiyetaka kustaafu, mzaliwa wa Ngara, aliyejifunza kazi kwa baba yake enzi za redio za mbao. Nilikwenda saa ya chakula cha mchana, gitaa mgongoni, tai bado shingoni. Alikuwa na amplifaya mbili za valvu zilizofaa besi. Moja ilikuwa kubwa, yenye valvu sita za nguvu, ambayo huwezi kuibeba peke yako. Nyingine ilikuwa ndogo kuliko nusu yake, yenye valvu nne, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameifumua yote na kuiunda upya.

"Hii kubwa ndiyo ya mwanamume," alisema. "Lakini mgongo ni wako, bwana. Piga zote."

Aliziwasha, tukasubiri zipate moto. Nilipiga ile kubwa kwanza. Sakafu ilitetemeka, lakini sauti ilinijia kama imefunikwa blanketi. Nikapiga ndogo, blanketi lilelile. Nikazungusha kitufe cha sauti za juu hadi mwisho. Fundi aliunyoosha mkono akakirudisha katikati. Nikakipandisha. Akakirudisha tena, na mara hii aliuacha mkono wake palepale.

"Wewe unasikia nini?" aliniuliza.

"Sauti imezibwa. Labda spika."

Alitoa kwenye rafu mashine ndogo anayotumia kupimia, inayotoa mluzi mmoja mwembamba ambao unaweza kuushusha au kuupandisha, akaiunganisha na spika. Kando yake aliweka mita yenye mshale. "Niambie ikinyamaza," alisema, akaanza kuupandisha mluzi taratibu.

Uliendelea kupanda, ukawa mwembamba kama uzi, kisha ukaisha.

"Imenyamaza," nikasema.

Fundi alinitazama. Mshale wa mita ulikuwa umesimama palepale, juu, ukitetema. Mlangoni alikuwa amefika mteja mwanamke aliyeleta redio, na mwanamke huyo alikuwa ameziba masikio yake yote mawili kwa viganja, amekunja uso.

Fundi alizima mashine. Mwanamke akashusha mikono.

"Ampu zote mbili ni nzima," fundi aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Leo sikuuzii. Nenda kwa daktari wa masikio, halafu urudi na mtu ambaye unaamini masikio yake."

Nilirudi ofisini nikamaliza faili zilizokuwa mezani. Nakumbuka sikuhisi huzuni. Nilihisi zaidi kama mtu aliyeambiwa kwamba shati lake limechanika mgongoni, na kwamba limekuwa hivyo tangu asubuhi.

Daktari nilimpata kwenye kliniki moja Ngong Road, si mbali na kwetu Woodley. Alinifungia katika kijumba kisichoingiza sauti, akanipa kitufe cha kubonyeza kila niliposikia mlio. Kulikuwa na vipindi virefu ambavyo sikubonyeza chochote. Baadaye alinionyesha mistari miwili kwenye karatasi, ya sikio la kulia na la kushoto. Yote ilikwenda sawasawa kisha ikaporomoka, na ya kushoto iliporomoka mapema zaidi. Akaniuliza kama nafanya kazi kiwandani. Nilipomweleza kuhusu toazi alitikisa kichwa, akasema kilichopotea hakirudi ila kilichobaki kinaweza kulindwa.

"Kwa kawaida watu wa nyumbani ndio hugundua kwanza," alisema. "Mke wako hajakwambia kitu?"

Hakuwa ameniambia kitu.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na kanisani anaimba sauti ya pili katika kwaya. Watoto wetu wamekwisha hama. Tumebaki wawili katika nyumba ile ya zamani yenye kuta nene. Jioni hiyo nilimkuta mezani jikoni akiambua minji. Niliketi nikachukua maganda machache, tukawa tunaambua pamoja, kisha nikamweleza yote, kuanzia mwimbaji hadi karatasi ya daktari.

Aliacha kuambua.

"Tangu lini?"

"Daktari anasema ni miaka. Imekuja polepole."

"Mwaka jana ulikuwa husikii?"

"Lazima."

Alikusanya minji iliyotawanyika mezani akaisukuma kwenye bakuli. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Mwaka uliotangulia, Jumapili moja asubuhi, aliteleza bafuni akaangukia nyonga. Aliniita. Mimi nilikuwa chumba cha pili, mlango wazi, nikibadilisha nyuzi za gitaa.

"Nilikuita mara tatu," alisema. "Na mimi nilikuwa nakusikia vizuri. Ulikuwa unajiimbia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Nilikaa pale chini nikasema, sawa, sasa nimejua naishi na nani. Halafu nikashika sinki nikasimama."

Nililikumbuka juma hilo. Alikuwa akitembea kwa shida na aliniambia ni uchovu wa kusimama darasani. Alizungumza kidogo, na tangu hapo amezungumza kidogo. Mimi nilikuwa nimeuchukulia ule ukimya kuwa ndio uzee unavyokuja kwa watu waliooana muda mrefu. Nilimwambia pole. Akasema, "Si makosa yako," lakini alilisema kama mwalimu anayesoma jibu sahihi nyuma ya kitabu, akiwa bado hajaelewa hesabu yenyewe. Tulimaliza minji. Usiku ule hakuniambia zaidi, ila siku ya pili yake, akifunga viatu, aliniuliza, "Huyo fundi anafungua Jumamosi?"

Tulikwenda pamoja Jumamosi asubuhi. Fundi alimkaribisha mama, akafuta vumbi kwenye kigoda kwa kitambaa chake, akamweka katikati ya chumba. Mke wangu aliketi na mkoba magotini. Katika miaka yote ya ndoa yetu alikuwa amenisikiliza nikipiga mara chache mno. Mchana wa Jumamosi una mazoezi ya kwaya.

Nilianza na ile kubwa. Nilipiga mistari ya nyimbo tunazozipiga, polepole kisha haraka.

"Hii inajaza chumba," alisema. "Lakini sijui unapiga noti gani. Zinamezana."

"Mama, hiyo nguvu ndiyo besi," fundi alimwambia. "Nje, bustanini, hakuna kuta. Nguvu inahitajika."

"Labda. Apige nyingine."

Nikapiga ndogo. Kwangu tofauti ilikuwa haba. Ndogo ilinigonga kifuani kidogo zaidi, basi. Yeye alifumba macho. Baada ya muda aliinuka, akaenda kwenye amplifaya, akamuuliza fundi kitufe kipi kinafanya nini. Alikizungusha cha sauti za juu, akakishusha kuliko nilivyowahi kukishusha mimi maishani mwangu. Akaongeza zile za kati. Akaniashiria kwa kidevu niendelee. Fundi alimwonyesha namna ya kuisukuma hadi ianze kukoroma, na ilipokoroma mke wangu alicheka.

"Hapo," alisema. "Kama mzee anayekohoa kabla ya kusema neno."

"Mimi sisikii hicho kikohozi," nikamwambia.

"Kipo."

Fundi bado aliipendelea kubwa. Alieleza kwa nini, kwa heshima na kwa kirefu: transfoma yake nzito, akiba ya nguvu isiyochoka. Mke wangu alimsikiliza mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza wazazi wa wanafunzi, kisha akasema, "Ile kubwa ni nzuri kwa anayepiga. Hii ni nzuri kwa anayesikiliza." Wote wawili wakanigeukia mimi.

Nilijua ninachokitaka. Nilitaka ile kubwa. Ilikuwa ndiyo niliyoiota, na angalau niliihisi miguuni. Ile ndogo, kwa jinsi yeye alivyopanga vitufe vyake, ilikuwa kwangu kama kuzungumza na mtu kupitia dirisha lililofungwa. Nilisimama nikiwa nimeliinamia gitaa, na ilinichukua muda mrefu kiasi kwamba fundi alianza kupanga bisibisi zake.

"Nipe ndogo," nikasema.

Mke wangu alitoa chupa ya rangi ya kucha kwenye mkoba, akaweka doa jekundu mbele ya kila kitufe, pale alipotaka kibaki. "Usiguse," aliniambia.

Mchana huohuo alikosa mazoezi ya kwaya akaja Westlands. Aliketi meza ya pembeni na chai yake, peke yake, koti mabegani. Mpiga ngoma alinisaidia kuiweka amplifaya juu ya kiti ili spika inielekee kichwani badala ya visigino. Nilikuwa nimeziba sikio la kushoto kwa kizibo nilichopewa na daktari. Tulipoanza, nilipiga kwa mazoea ya vidole na kwa mtikiso wa mbao chini ya viatu vyangu. Mara mbili mkono wangu ulikwenda kwenye kitufe cha sauti za juu. Mara zote mbili nilitazama ile meza ya pembeni, nikaurudisha mkono.

Mwimbaji hakugeuka hata mara moja. Wakati wa mapumziko alikuja, akainama kutazama vichupa vinavyowaka nyuma ya wavu, akaweka kiganja juu ya joto lake.

"Leo nimeimba bila kupigana na mtu," alisema. "Nani amekurekebishia hii?"

Nilimwonyesha. Akaenda kumsalimu, na kutoka jukwaani niliwaona wakizungumza kwa muda, mke wangu akieleza kitu kwa mikono miwili. Sikusikia neno hata moja. Mmoja wao alicheka, kisha wote wawili wakanitazama.

Baadaye nilinunua kifaa cha kuvaa sikioni. Nikikivaa ofisini nasikia karatasi zikifunguliwa, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa. Jukwaani hukivua, maana hugeuza besi kuwa debe. Nyumbani mambo hayakurudi mara moja yalivyokuwa kabla ya ile Jumapili ya bafuni. Kwa miezi mke wangu aliendelea kujizuia kuniita, hata nikiwa nimevaa kifaa. Akija chumbani kunitafuta ndipo aseme. Siku moja ya mvua aliniita kutoka uani nikamsaidie kuanua nguo. Aliita mara moja tu. Nilipotokea mlangoni alikuwa amesimama na shuka mikononi, mvua ikimnyeshea, akinitazama badala ya kukimbilia ndani.

Mwezi uliopita valvu mbili zilichoka, tukaipeleka amplifaya kwa fundi tukiwa wawili. Fundi alizibadilisha, akaiwasha, akanipa waya nichomeke gitaa. Nilipopiga noti chache hakuniuliza chochote. Alimuuliza mke wangu. Wakaanza kubishana kuhusu sauti za kati, kwa tofauti ndogo kama unywele, yeye akisema ongeza na fundi akisema imetosha, nami nikaendelea kupiga noti ileile nilivyoagizwa, nikitazama nje dirishani watu wakivuka barabara kwenda kituo cha magari.